Nguo Nyeusi za Wengine

Kwenye avenue yetu, huku Ndosho, mjini Goma, watu walimwita Mama Tentire, na sidhani kama watano kati yao walijua jina alilobatizwa. Tentire ni rangi ya kuchemshia nguo, na yeye alichemsha rangi moja tu. Ukimpelekea kitambaa ukataka kijani au bluu, alikurudishia kabla hujamaliza kueleza. Alipokea nguo nyeusi zilizopauka, zile zilizokwisha kuwa za kahawia mabegani na za kijivu magotini. Alizipeleka nyuma ya nyumba, na baada ya siku mbili ulizikuta nyeusi tena, zimekunjwa, zinanukia siki. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimepanga mlango wa pili kutoka kwake kwa miaka tisa, na harufu hiyo ya siki naijua kuliko harufu ya jiko langu mwenyewe.

Siku hizi hachemshi tena. Simwandiki kwa sababu alikuwa mtu mwema. Wema alikuwa nao, lakini alikuwa pia mkaidi na mwenye ulimi, na kuna jambo moja alilomfanyia mtu wa nyumbani kwake ambalo mpaka leo sijui nilipime vipi. Nililiona nikanyamaza, kwa hiyo sina haki ya kujifanya hakimu.

Kitu cha kwanza mtu alichokiona kwake ni mikono. Ilikuwa myeusi mpaka kwenye vifundo, kucha zote kumi, na mistari ya viganja ilionekana kama imechorwa kwa kalamu. Kila Jumamosi aliisugua kwa limau na majivu, na Jumapili ilikuwa vilevile. Kanisani alipokea Ekaristi kwa ulimi, mikono imefichwa chini ya kitenge, ingawa padri hakuwahi kumwambia neno. Mtoto mmoja wa jirani alimuuliza kwa nini mikono yake iko hivyo. Akamjibu kwamba alishika mtoto asiyeoga. Yule mtoto alioga siku ile bila kulazimishwa, na mama yake alikuja kushukuru.

Yeye mwenyewe hakuvaa nyeusi. Alivaa vitenge vya manjano, vya machungwa, vyenye ndege na maua makubwa, hata kwenye mazishi, na watu wakasema. Alipoulizwa alikuwa na jibu moja: “Nyeusi ni ya bakliya.” Bakliya, yaani wateja, walicheka. Sisi majirani hatukucheka, kwa sababu tulijua hiyo nyeusi alikuwa anaikimbia kwa ajili ya nani.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume. Kijana huyo alikwenda Masisi kununua maharage. Lori lilisimamishwa kabla ya kufika Sake wakati wa kurudi, vijana wanne wakateremshwa, na dereva akaamriwa aendelee na safari. Dereva ndiye aliyeleta habari. Wawili kati ya wale wanne walipatikana baadaye wamekufa, na wazazi wao wakawazika. Wawili hawakuonekana tena, na wake alikuwa mmoja wa hao wawili. Sasa ni miaka mitano. Tangu siku ile, katika lupango lake, yaani ua wa nyumba, hakuna mtu aliyeruhusiwa kusema neno marehemu. Mtu akisahau akalisema, Mama Tentire alimwambia, “Hayuko hapa. Njo yote tunajua.” Kisha alikuhudumia kama kawaida.

Kazi yake ilikuwa safi kuliko ya watu wa sokoni. Alikuwa na sufuria moja kubwa ya aluminiamu na mbabula mbili, yale majiko ya makaa, kwa sababu alisema makala ya mbabula moja huchoka kabla ya nguo. Unga wa rangi aliukoroga pembeni na kuuchuja kwa soksi kuukuu ya kike, usije ukaacha madoa. Nguo aliilowesha kwanza kwa maji matupu. Ilipoingia kwenye sufuria hakuacha kuigeuza kwa mti, saa nzima, na ukija kumsalimu alikujibu bila kukugeukia. Chumvi alitia ngumi mbili, siki mwishoni. Chumvi ndiyo inayoifunga rangi, alisema, na asiyetia chumvi anapaka nguo masizi tu. Halafu aliiacha ipoe humohumo, akaisuuza mpaka maji yatoke meupe. Hayo maji yaliyobebwa kwenye madumu kutoka ziwani Kituku aliyatukana kila siku kwamba ni magumu, na kila siku aliyatumia.

Kukausha ndiko tulikogombania. Sisi watu wa Goma tunaanika nguo juu ya mawe ya volkano. Yamejaa kila mahali, yana joto, na nguo inakauka kabla hujamaliza kufua nyingine. Nilipompelekea koti langu mara ya kwanza, alilishika, akalipindua ndani, akanuna. Aliniambia ni nusu nailoni, kwa hiyo halitakuwa jeusi, litakuwa kama chai ya jana, lakini atajaribu. Alijaribu, na likatoka zuri kuliko nilivyostahili. Nikalifua wiki iliyofuata na kuliweka juu ya jiwe, juani, kama mama yangu alivyonifundisha. Jioni mgongo ulikuwa umepauka tena kwa umbo la lile jiwe. Alikuja kwangu mwenyewe, akalinyanyua koti mbele ya wapangaji wenzangu, akauliza hawa wanafunzi wangu wanafundishwa na nani. Tangu siku ile ninaanika kivulini, nguo imegeuzwa ndani nje.

Alisoma watu kwa namna nguo zao zilivyopauka. Mwalimu, alisema, anapauka mkono wa kulia kwa sababu ya chaki. Mtumishi wa hoteli anapauka mapajani, anapofutia mikono. Kulikuwa na mwanasheria mmoja wa Keshero aliyeleta joho lake kila mwaka, na kila mwaka lilikuwa limechakaa sehemu ya kukalia tu. Mama Tentire alinionyesha na kusema huyu bwana hajawahi kusimama kumtetea mtu. Mwanasheria alipokuja alimsalimu kwa heshima zote.

Kwaya ya parokia nayo ilimletea sketi kumi na mbili za mitumba, za vitambaa kumi na viwili, zigeuzwe nyeusi kwa ajili ya Pasaka. Nilimwona akizitazama usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, kwani zilitoka na weusi wa aina kumi na mbili. Nyingine nyeusi kweli, nyingine kama biringani, moja kama kutu. Hakuzirudisha. Alimwendea kiongozi wa kwaya akampangia waimbaji, kuanzia sketi iliyofifia zaidi kushoto mpaka nyeusi kabisa kulia, na akakataza mtu kuhama mahali pake. Waumini waliona ni mtindo. Kwaya ya parokia nyingine iliuliza mafundi wao wameupata wapi.

Lakini wateja wake wengi walikuwa wajane. Hapa kwetu mjane anavaa nyeusi mwaka mzima, kisha ukoo unakutana, wanaanua matanga, na siku hiyo anavua. Nguo ikipauka kabla ya mwaka kwisha, ndugu za mume hawasemi kwamba ni jua au sabuni. Wanasema mwanamke amechoka kulia. Nimeona mjane akitolewa nyumbani kwa sababu ya gauni la kahawia. Mama Tentire aliyajua hayo kwa mwili wake. Mume wake mwenyewe alikufa mwana wao akiwa bado mgongoni, gauni lake likapauka mwezi wa tano, na wifi zake wakaanza kunong'ona. Ndipo alipojifunza kuchemsha rangi, kisirisiri, kwenye sufuria ya ugali. Aliniambia habari hiyo mara moja tu, huku akigeuza nguo ya mtu mwingine. Kwa wajane alikuwa laini. Aliwapokea kabla ya wengine wote, na aliwakatazia watu kuwauliza maswali mbele yake.

Ndiyo maana yale aliyomfanyia mkamwana wake yananiuma.

Mkamwana wake, mke wa yule kijana, aliishi naye pamoja na mtoto wao wa kike. Alikuwa binti mtulivu, anauza maandazi asubuhi, anamwita mama mkwe wake “mama” bila kuongeza neno. Kwa miaka miwili alingoja pamoja naye. Mwaka wa tatu akaanza kuuliza. Mwanamke ambaye mumewe hajulikani alipo hawezi kuvaa nyeusi, na asiyeivaa hawezi kuivua. Hawezi kuolewa, hawezi kurudi kwa wazazi wake, na hata kucheka anacheka kwa kuangalia nyuma. Alimwomba mama mkwe amtilie gauni moja rangi, walie, waanue, ili ajue alipo. Mama Tentire alikataa mwezi hadi mwezi. Mwishowe walikuja shangazi wa kijana pamoja na katekista, wakakaa naye alasiri nzima. Walipoondoka alikuwa amekubali.

Gauni lilikuwa la pamba safi, la rangi ya mchanga. Pamba ndiyo inayoshika rangi kuliko yote. Nilikuwa nimeketi pale siku alipolitia, nikisahihisha madaftari, na niliona. Moto ulikuwa kidogo. Aligeuza mara chache. Chumvi haikuingia, wala siki. Alilitoa likiwa bado la vuguvugu, akalianika, na kwa kulitazama tu ungesema ni jeusi la kutosha. Nikafungua daftari jingine. Nilijiambia kwamba mtu mzima anaijua kazi yake.

Mkamwana alivaa, watu wakaja, wakalia kidogo kama wanavyolia wasio na jeneza. Baada ya wiki tatu alilifua gauni kule kwenye bomba, mbele ya wanawake, na maji yakawa meusi tititi. Lilipokauka lilikuwa la majivu. Alilirudisha, Mama Tentire akalitia tena, na likapauka tena. Ikawa hivyo kila mwezi. Pale bombani wakaanza kusema kwamba msiba haumkai mwilini huyu, labda kuna mtu anamsubiri. Shangazi walewale waliokuja na katekista wakaacha kumsalimu. Naye akazidi kukonda, akafua usiku ili asionekane, akaliosha kwa maji baridi, akaacha hata sabuni. Mimi nilikuwa napita pale kila siku na madaftari yangu.

Aliyemfumbua macho ni mjane mwingine, mteja, aliyeshangaa. Gauni lake yeye lilikuwa na miezi minane na bado linang'aa. Aliuliza kwa unyofu tu, mama mkwe wako anakutilia chumvi? Jioni ile nilimsikia mkamwana nyuma ya ukuta wa mbao. Hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

“Mama, miye niko nani? Niko bibi ya mutu, ao niko mujane? Unijibu ile moja tu.”

Baadaye nilimwendea Mama Tentire. Nilimuuliza kwa nini alifanya vile, yeye ambaye aliujua uchungu wa gauni la kahawia. Alikuwa anachambua mchele, na aliendelea kuchambua. “Nilisema kama Mungu anamurudisha,” akasema, “asikute tulikwisha kumumaliza.” Nilikasirika, nikasimama nikaondoka. Nilipofika kwangu nilikumbuka kwamba mimi nami nilikuwa nimeona, na hasira ikakosa mahali pa kukaa.

Mkamwana alinunua gauni jeusi la nailoni sokoni, baya, lisilopauka. Alilivaa mwaka wake, akalianulia matanga kwa wazazi wake mwenyewe, kisha akapanda meli kwenda Bukavu na mtoto. Nasikia ameolewa huko na mtu mwenye duka la dawa. Siku ya kuondoka alimpigia Mama Tentire magoti, akaagwa vizuri, na mtoto akabusu ile mikono myeusi. Mama Tentire aliwasindikiza mpaka barabarani akawapandisha moto, pikipiki ya kwenda bandarini. Aliporudi alitia nguo sufuriani. Hakukuwa na mteja aliyengoja. Alitia mapazia yake mwenyewe.

Baada ya hapo vita viliingia mjini. Sitavieleza, aliyekuwepo anajua na asiyekuwepo hatasaidiwa na maneno yangu. Nitasema tu kwamba wiki zilizofuata watu walipanga foleni kwenye lupango la Mama Tentire zaidi kuliko kwenye bomba la maji. Hawakuleta nguo zilizopauka tu. Walileta gauni la harusi, sare ya shule ya msichana, shuka la kitanda, chochote kilichokuwa cha pamba, kigeuzwe cheusi kabla ya Jumapili. Rangi ilikwisha madukani kwa sababu njia zilikuwa zimefungwa. Alichemshia maji yaleyale mpaka mara ya nne, akawaambia watu ukweli kwamba hii haitadumu, na wao wakasema haidhuru.

Siku zile alikuwa na tabia mpya. Aliwauliza wateja wote, kwa sauti ya chini, kama maiti wao walimwona kwa macho. Walipojibu ndiyo, tulimwona, tulimwosha, tulimzika mahali fulani, alitikisa kichwa polepole. Nilikuwa namsaidia kubeba maji, na nilimsikia akimwambia mwanamke aliyezika wanawe wawili, “Muko na bahati. Muko na kaburi.” Yule mwanamke alimtazama nikadhani atampiga. Badala yake alimshika ile mikono, na wakakaa hivyo wakati nguo inachemka. Mimi nilitoka kwenda kuchota maji yasiyohitajika.

Tangu hapo alipungua. Wateja nao walipungua, maana watu wengi walihama, na waliobaki waliacha kujali gauni ni jeusi au kahawia. Kila nyumba ilikuwa na lake. Alikaa kwenye kigoda chake, mbabula baridi, na mikono ikaanza kurudia rangi yake, kwanza viganja, kisha vidole. Niliposema inapendeza, aliitazama kana kwamba nimemwambia habari ya mtu asiyemjua.

Mara ya mwisho kuongea naye kwa kirefu ilikuwa mchana wa Jumatano, nimetoka darasani. Aliniita nikiwa bado nje. Nilimkuta ameketi, amevaa kitenge chake cha ndege, na mapajani ana suruali nyeusi ya kiume, imekunjwa, imepigwa pasi mpaka mshono unasimama. Niliijua. Nilimwona kijana mwenyewe ameivaa Pasaka ya mwisho, akiwa amembeba bintiye mabegani. Alinyoosha mikono akanipa.

Kwetu nguo za mtu aliyekufa hugawiwa siku ya kuanua matanga, na hazigawiwi kabla. Mama anapokupa nguo ya mwanawe, amekuambia alipo. Nilijua hivyo, na mikono yangu ikabaki mifukoni.

“Mama,” nikasema, “akikuja ataitafuta.”

“Mwalimu, usianze.” Alisema bila ukali. “Juzi niliamuka, nikakunywa chai, nikafagia lupango, nikaenda kwa soko. Saa sita njo nikakumbuka kama siyamuombea. Miaka tano, haiyafika ile hata siku moja. Nilikunywa chai na sukari, Mwalimu, na ilikuwa tamu.”

Nilitaka kumwambia kwamba kusahau sala ya asubuhi si kumzika mtu. Ninafundisha watoto, nina maneno mengi ya kuwafariji. Yote yalinijia, na yote yalikuwa uongo, na mimi nilikuwa nimechoka kumdanganya huyu mama kwa kunyamaza. Nikatoa mkono mmoja.

“Pokea na mikono mbili,” akasema.

Nikapokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, pamba nene ya zamani. Alinitazama mpaka alipohakikisha nimeishika, kisha akateremka kwenye kigoda, taratibu, akajisaidia kwa mkono, akaketi chini kwenye udongo na kunyoosha miguu mbele kama wanavyoketi wafiwa. Akafungua kitambaa cha kichwa akakiweka kando.

“Sasa uniitiye bamama,” akasema.

Nilitoka na ile suruali kifuani. Kwenye lupango la kwanza wanawake wanne walikuwa wanatwanga majani ya sombe, na waliponiona uso wakaacha kutwanga. Mkubwa wao akaniuliza nani amekufa. Kwa miaka mitano Mama Tentire hakuwa amemruhusu mtu yeyote kwenye avenue yetu kulisema, na sasa lilikuwa limeniangukia mimi.

Nikasema ni mtoto wa Mama Tentire.

Walifuta mikono, wakafunga vitenge viunoni, wakanipita kwenda kwake. Hakuna aliyeuliza lini.